Kamba Waliosubiri Bunge la London

Kamba mawe akitolewa majini hulia. Watu wengi hawaniamini nikiwaambia hivyo, hasa hapa Mombasa ninakosoma sasa, ambako wanamjua akiwa mwekundu na kimya juu ya sahani. Lakini akiwa hai, ukimshika mgongoni ukamwinua, husugua pembe zake ndefu kwenye mashina yake na kutoa mlio mkavu, kama mlango wa zamani unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mlio huo ndio ulionipokea kila nilipotoka madrasa na kushuka ufukweni kwetu Kizingitini, kisiwani Pate. Baba yangu, Lali, alikuwa mzamiaji. Alizama kwa pumzi yake mwenyewe, bila mtungi wa hewa, akiwa na miwani ya kupigia mbizi na kijiti chenye pweza aliyefungwa nchani. Kamba humwogopa pweza kuliko kitu chochote. Akimwona tu mlangoni pa pango lake hutoka mbio, na Baba yuko nje anamngoja. Alikuwa na mapafu ambayo wenzake waliyatania, wakisema ameazima ya nyangumi, na alipoibuka alicheka kabla hata hajavuta pumzi. Nataka mjue hivyo kwanza, kwamba alikuwa mtu wa kucheka.

Kamba wetu walisafiri kuliko sisi. Tuliwaweka hai kwenye vizimba vya mbao vilivyozamishwa karibu na ufuko, kisha boti ikawapeleka uwanja wa ndege wa Manda wakiwa ndani ya maboksi ya maranda mabichi, na kutoka huko walikwenda hadi London. Pale mnunuzi mmoja aliwapumzisha kwenye matangi yake siku moja, halafu akawavusha kwa lori kwenda kwenye mikahawa ya Ufaransa. Haya tuliyajua kutoka kwa Bwana Aboud, wakala aliyekuja kuwachukua kila wiki na ambaye alipenda kutuonyesha picha za matangi hayo kwenye simu yake. Njia ile ilikuwa nyepesi kwa sababu moja tu: Uingereza na Ufaransa zilikuwa ndani ya soko moja, na lori lilipita mpakani bila kusimamishwa. Sasa Waingereza walikuwa wamepiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya, na kilichobaki ni kukubaliana watoke vipi. Hawakukubaliana. Serikali yao ilirudi kutoka kwenye mazungumzo na mkataba mkononi, na wabunge wa chama tawala chenyewe wakaupinga, hawa wakisema unawafunga mno kwa Ulaya, wale wakisema unawatenga mno. Upinzani nao haukuupinga kwa sababu ya yaliyomo, bali kwa kuwa uliona serikali inayumba na ukatamani kuiona ikianguka.

Kaskazi hiyo, maji yakiwa yametulia na kamba wakipatikana kwa wingi, mnunuzi wa London aliingiwa na hofu. Ikiwa nchi yake ingetoka Ulaya bila mkataba, lori lake lingesimamishwa mpakani kwa ukaguzi na makaratasi, na kamba hai hana subira ya makaratasi. Alisitisha ununuzi. Bwana Aboud alikuja mikono mitupu, akakaa barazani kwetu, akamwambia Baba, "Bwana Lali, wao wenyewe hawajaelewana. Wakielewana, nitawachukua wote mara moja. Wasipoelewana, sijui." Basi baadhi ya wazamiaji wakafungua vizimba vyao siku ileile na kuwaacha kamba warudi miambani. Kamba aliyefunguliwa mapema ataishi, na mwakani utamkuta palepale. Anayekaa kizimbani hudhoofika, na akijivua gamba wenzake humla. Baba ndiye aliyekuwa na kamba wengi kuliko wote, kazi ya msimu mzima, na hakujua afanye lipi.

Kwa hiyo akaanza kufuatilia siasa za Uingereza. Nikisema hivi leo watu hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Redio yetu ndogo ilikuwa ikifunguliwa kwa Qur'ani asubuhi na kwa mpira jioni. Sasa ikafunguliwa kila taarifa ya habari. Baba, ambaye hakumaliza darasa la nne, akajua tofauti ya kura ya kumwondoa kiongozi wa chama na kura ya kuiondoa serikali. Akajua mpaka wa Ireland uko wapi na kwa nini unawagombanisha. Kila asubuhi, baada ya kuwazamia kamba wake na kuwapelekea vipande vya samaki, alikaa na wenzake akiwaeleza ni wabunge wangapi wanahitajika na nani amebadilisha msimamo. Mama alimwambia, "Wewe unawajua wale kuliko mbunge wako mwenyewe." Baba akamjibu kwamba mbunge wake mwenyewe siye aliyekishika kizimba chake mkononi.

Ndipo ikaja habari kutoka Amu, yaani mji wa Lamu. Bi Khadija, shangazi yake Mama, alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya kukodisha upande wa mbele unaotazama bahari, na alituma ujumbe kwamba mgeni wa nyumba ile, aliyekuja kupumzika mwanzo wa mwaka, ni mbunge wa Uingereza, tena wa chama tawala. Mama alisema tuache mambo ya kujipeleka kwa watu. Baba hakumsikiliza. Alinyoosha kanzu yake ya Idi kwa pasi ya makaa, akavaa kofia aliyoshonewa na marehemu mama yake, akachagua kamba wawili wakubwa kuwa zawadi, na akaniambia nijitayarishe. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Ndani ya boti, njia nzima, alinifanya nirudie swali lake kwa Kiingereza, tena na tena, mpaka abiria wenzetu nao wakalijua.

Tuliwakuta wamemaliza chakula cha mchana, kwenye sebule ya juu iliyo wazi, yeye na mkewe na rafiki yao mmoja, mwanamke mwenye nywele fupi aliyekuja likizo pamoja nao. Bi Khadija aliwapeleka kamba jikoni na kutupandisha ngazi. Mbunge alikuwa mtu mwema wa sura. Alisimama, akampa Baba mkono, akatuvutia viti, akasema kamba wale ni wazuri ajabu na watakuwa chakula chao cha jioni. Baba alikaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti. Akaniambia, "Muulize niwafungulie au niwaweke. Hilo tu. Sitaki jingine."

Nikauliza. Nilieleza vizimba, London, lori, Ufaransa, kila kitu kama nilivyofundishwa. Mbunge alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa mshangao, akamgeukia rafiki yake na kusema hilo ni swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwaka mzima. Yule mwanamke akacheka. "Basi mjibu," akasema. "Chama ni chako." Mbunge akacheka pia. "Kusema kweli, sina habari hata kidogo," akasema. "Hakuna mtu London mwenye habari." Kisha akaongeza kwamba kama watu wa chama cha yule mwanamke, cha upinzani, wangekuwa na adabu ya kuunga mkono mkataba, mambo yangekwisha. Mwanamke akamjibu kwamba watu wa chama chake mbunge ndio waliomsaliti waziri mkuu wao wenyewe, kwa kuwa nusu yao wanakitaka kiti chake. Wakaendelea. Walitajana majina ya watu nisiowajua, wakapigana vijembe, wakakumbushana nani alisema nini kwenye karamu gani. Hawakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza, na linaniuma hadi leo ninapoandika: walikuwa wakifurahia. Walikuwa kama watu wanaocheza karata. Baba alikuwa akiwatazama, macho yakihama kutoka mdomo huu kwenda ule, akiwa na tabasamu la mtu anayesubiri zamu yake.

Hatimaye akaniinamia. "Wasemaje?"

Nilimtazama. Nikaiona kofia ya bibi, nikaiona ile kanzu iliyonyooshwa. Nikafikiria boti ya kurudi na wale abiria waliolijua swali. Ningemwambia kwamba tumetoka Kizingitini, tumeacha kamba wawili, na jibu ni kwamba wenye nchi hawajui na hawaonekani kusumbuka kwa kutojua? Nikasema, "Anasema tusubiri, Baba. Yatakwisha karibuni."

"Alhamdulillahi," akasema Baba. Akaweka mkono kifuani, akaniambia nimshukuru. Nikamshukuru.

Tukasubiri. Jua lilizidi kuwa kali na maji ya ufukweni yakawa na uvuguvugu. Baba alizama mara mbili kwa siku, akavihamisha vizimba mahali penye kina zaidi, akawatenga kamba waliojivua magamba, akatumia samaki wa chakula chetu kuwalisha. Siku bunge lao lilipopiga kura tulikaa wote karibu na redio, na majirani wakaja. Mkataba ukakataliwa vibaya sana. Baba hakuamini. Alimtaka mtangazaji arudie, kana kwamba anasikika huko. "Nti nzima," akasema, kwa lafudhi yetu ya visiwani ambayo hujitokeza anapochomwa na jambo, "nti nzima haina mtu wa kusema naam?" Siku chache baadaye Bwana Aboud alipiga simu: mnunuzi wa London ameacha kabisa biashara ya kamba hai. Baba alikwenda kufungua vizimba wakati huohuo. Ndani walikuwamo wachache waliobaki hai, na hata hao hawakuwa na nguvu ya kutambaa. Walikaa palepale mlangoni, mlango ukiwa wazi. Waliokufa tuliwatoa kwa ndoo, mimi na Mama, tukiwa tumejifunga kanga puani.

Wakati huo wanunuzi wa majongoo ya bahari walikuwa wakitafuta wazamiaji. Soko lao lilikuwa mashariki ya mbali na halikuhusiana na mgogoro wa mtu yeyote wa Ulaya. Lakini majongoo ya karibu yalikwisha zamani, na yaliyobaki yako kina kirefu, mbele ya kisiwa cha Kiwayu, mahali ambapo pumzi ya mtu haifiki. Lazima mtungi. Baba hakuwahi kufundishwa mtungi. Siku ya tatu aliibuka haraka kuliko inavyomfaa mwenye mtungi, ambaye lazima apande polepole, akapanda chomboni mwenyewe, akaomba maji, na alipotaka kusimama miguu ikakataa. Mashine inayotumika kuwatibu wazamiaji wa namna hiyo ilikuwa mbali, Mombasa, na kwa boti na barabara tulipofika siku mbili zilikuwa zimepita. Daktari alitueleza kwa upole kwamba saa za mwanzo ndizo zenye faida. Baba alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hajasimama tena.

Nimekua. Mwaka wa kwanza wa chuo nilimtafuta yule mbunge mtandaoni na kusoma hotuba zake zote. Siku ya kura ile alisema kwa ufasaha mkubwa juu ya heshima ya taifa lake na wajibu wa kusikiliza wananchi. Kisha akapiga kura dhidi ya mkataba wa serikali yake, yeye aliyemlaumu rafiki yake mezani kwa kuukataa. Baadaye alishindwa uchaguzi, na sasa hualikwa kwenye mahojiano. Katika moja aliulizwa anaionaje miaka ile. Akatabasamu tabasamu lilelile la sebuleni na kusema kilikuwa kipindi cha kusisimua. Nilifunga simu. Sisemi kwamba alimvunja Baba miguu. Hata jina lake hakulijua. Ninachosema ni kwamba wako watu duniani ambao nchi zao zikigombana wao huenda likizo, na wako ambao hulipa kwa miili yao ugomvi ambao hawakualikwa, na watu wa aina hizi mbili wanaweza kukaa sebule moja, mmoja akasimama kumvutia mwenzake kiti, na bado asimjibu swali moja.

Nami nina sehemu yangu. Ramadhani iliyopita nilimwambia Baba. Alikuwa ameegemea ukuta uani, akisubiri adhana ya alasiri, na vijana wawili wa jirani walikuwa wanakuja kumbeba kumpeleka msikitini. Nikamwambia, "Baba, yule Mzungu hakusema tusubiri. Alisema hajui. Mimi ndiye niliyesema."

"Alisema hajui?"

"Ndiyo, Baba."

"Ningewafungulia siku ileile," akasema. Hakupandisha sauti. Vijana wakafika, wakamwinua, akaenda. Hakunilaumu na hakunisamehe, na hadi leo hatujalizungumza tena. Sikutegemea nisamehewe, nilitaka ajue nani alisema nini.

Siku hizi Kizingitini vijana wanajua bei za London na Dubai kwenye simu zao, na hakuna anayemhitaji mtoto wa darasani amtafsirie. Wanauza kwingine, njia nyingine, kwa wanunuzi wengine ambao nao siku moja watagombana na mtu. Likizo yangu ya mwisho nyumbani nilikuwa nimekaa na Baba mchana, redio ikiwa wazi kwa sauti ndogo. Mtangazaji akasema kwamba serikali ya Uingereza, ya chama kingine sasa, imekaa tena mezani na Ulaya, na pande zote mbili zimeafikiana kupunguza ukaguzi wa vyakula mpakani ili malori yapite upesi. Nilinyoosha mkono kuizima. Baba akanizuia. Akasikiliza hadi mwisho, kwa umakini ule wa zamani, kichwa akiwa amekiinamisha upande.

"Wameelewana?" akauliza.

"Wameelewana, Baba."

"Kumbe iliwezekana," akasema.

Kisha akaniomba nimsogezee mguu, ulikuwa umeteleza nje ya mkeka.