Ndugu Aliyejijibu Mlangoni

Sikuwa nimelala, wala sikuwa na homa. Ilikuwa mchana na nilikuwa na ufagio mkononi. Naliandika jambo hili kama lilivyotokea, kwa sababu wanaolisimulia siku hizi wameanza kulipunguza.

Miaka michache baada ya Uhuru, wanaume wa kanisa letu dogo, juu ya barabara ya Sosiot, tulikuwa na Udugu. Wengi wetu tulikuwa Wakipsigis wenye vishamba vya chai, na wachache walitoka Kakamega kutafuta kazi. Udugu ndio uliojenga kanisa la mawe. Tuliapa kwamba ndugu akifa, kila shughuli isimame hadi azikwe. Jeneza likifika, mlango wa kanisa unafungwa, na wabebaji wanabisha mara tatu. Aliye ndani anauliza, "Nani?" Nao wanamjibia marehemu: "Ni ndugu yetu. Fungua." Maiti hana mdomo, sisi ndio tulikuwa mdomo wake.

Mlango huo aliutundika Fundi Zakayo, mtu wa Kakamega, asiye na mke wala mtoto. Alipenda kunitania kwa vitabu nilivyojisomea. "Mwalimu bila shule," aliniambia, "siku yangu ubishe kwa nguvu. Sikio langu moja limekufa tayari."

Askofu alipokuja Jumapili kubariki kanisa, Zakayo hakuwepo. Mwenyekiti wetu, Mzee Arap Tonui, alitutangazia kwamba fundi amepanda basi, ameenda kwao kupumzisha kifua. Tulishangaa kidogo, kisha tukaimba.

Jumanne alasiri nilikuwa peke yangu kanisani, nafagia maua yaliyonyauka. Mvua ya mawe ikaanza, nikafunga mlango. Unajua mabati yanavyolia? Hata mawazo yako huyasikii. Lakini kubisha nilikusikia wazi, mara tatu. Nani hubisha mlango wa kanisa? Mdomo wangu ukauliza kwa mazoea tu:

"Nani?"

"Ni ndugu yenu. Fungua."

Nikafungua. Alikuwa Zakayo, amevaa mshipi wa buluu wa Udugu, mawe ya mvua yamemjaa mabegani.

"Fundi! Si tuliambiwa uko kwenu?"

"Ningefikaje? Nani alinibeba?"

Akanipita, akaenda kupiga magoti kwenye benchi lake. Nikageuka kusukuma mlango. Nilipotazama tena, benchi lilikuwa tupu. Niamini: mawe yale ya mvua yalibaki sakafuni, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi benchini, na hayakuyeyuka mpaka jua lilipotua.

Kesho yake nilienda kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la chai, alikokuwa akiishi. Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi, hata salamu yangu hakuipokea.

"Leo ndiyo mnakuja? Alikufa Ijumaa. Nilienda mwenyewe kwa huyo mwenyekiti wenu, akaniambia ninyamaze mpaka askofu aondoke. Vibarua ndio walimzika, pale kwenye mikaratusi. Na alikuwa anawaita nyinyi, si watu wa kwao."

Mzee Arap Tonui hakukana. "Ulitaka nimrudishe askofu kwa sababu ya mtu wa kuja? Vitabu vimekuharibu, wewe."

Niliwakusanya ndugu wote, nikawaeleza niliyoyaona. Niliomba jambo moja tu: tumtoe mikaratusini, tumlete mlangoni pake, tumjibie. Walitazama chini. Wangeniita mwongo ningevumilia. Hawakuniita. Waliniamini, na ndiyo maana katika mazishi yaliyofuata waliuacha mlango wazi, asipatikane wa kuuliza "Nani?" Mpaka leo haufungwi jeneza likija. Vijana hudhani ni kwa ajili ya hewa.

Nilirudisha mshipi wangu. Lakini nikipita pale mvua ya mawe ikinyesha, nasikia mara tatu, mbao ikigongwa. Mlango uko wazi, na bado anabisha.

Basi wewe unayealikwa kuapa na watu, usiwaulize watakubeba vipi. Waulize ni nani walimwacha. Wakitazama chini, ondoka ungali na miguu ya kukuondoa.