Babu na Mnazi wa Jirani

Nimezaliwa Kariakoo na nauza vitenge Kariakoo, lakini nilifikisha miaka hamsini sijawahi kula wali wa nazi ndani ya nyumba yetu. Ukitoka mlangoni kwetu hatua ishirini tu, nazi zimerundikwa kama kifusi. Shangazi, dada wa baba yangu aliyenilea, alisema nazi inampandisha presha. Mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza kupima hiyo presha, na siku zote yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Sababu yenyewe niliijua mwaka juzi, ukoo ulipoamua kwenda kumsomea Babu hitima kijijini kwao, Uzaramo ndani huko, na kumwekea kibao kaburini. Babu ndiye baba yake Shangazi. Mimi nikapewa kazi ya kuandika maisha yake, ukurasa mmoja, usomwe baada ya dua. Shangazi, mtoto wake pekee aliyebaki hai, akasema haendi. Miaka sabini hajakanyaga kule na hatakanyaga. Wote wakanigeukia mimi. Hitima ya mtu, mwanawe yupo mzima na miguu yake, aikose? Kazi ikawa mbili.

Kumbukumbu zote za Babu zilikuwa kwenye daftari moja, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Shangazi, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Nilimbembeleza wiki nzima, nikamkanda na miguu. Siku aliyokubali, alinisimamia kichwani kama msimamizi wa mtihani.

Babu alikuwa mwalimu wa madrasa. Aliandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa, na mbuzi gani kazaa mapacha. Nilisoma taratibu, nikidonoadonoa, maana madrasa yenyewe nilikuwa natoroka. Kisha, kwenye karatasi ya mwisho, mwandiko mwingine kabisa, wa herufi za shule:

"Leo mwalimu amekufa. Ameanguka kutoka juu ya mnazi wa jirani, akiiba tembo la mnazi. Kibuyu kimepona."

Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. Hicho kibuyu ndicho kilichonimaliza. Shangazi akaninyang'anya daftari, lakini simu yangu ilikuwa imeshapiga picha.

"Cheka," akasema. "Mwenzio nilisoma hayo nina miaka tisa."

Alikuwa ameletwa Dar kwa ndugu ili asome. Baba yake akafa huku nyuma, na enzi zile mtoto haambiwi habari za kifo. Lilikuja kapu la vitu, na daftari ndani yake. Akafungua, akasoma, akafunga. Hakumuuliza mtu. Angeanzia wapi? Mwalimu wa madrasa, juu ya mnazi wa watu, anaiba pombe! Tangu siku hiyo nazi haikuingia tena kinywani mwake, na alipopata nyumba yake haikuingia mlangoni.

"Ukiyaandika hayo, sikusamehe," akaniambia. "Na usipoyaandika, utakuwa umedanganya juu ya kaburi. Kwa hiyo mimi siendi."

Hapo nilikwama. Siku tatu nilikaa dukani naiangalia ile picha, wateja wakiniuliza bei mara mbilimbili. Kilichonisumbua ni kibuyu. Mtu aliyefiwa hana muda wa kukijulia kibuyu hali. Ndipo nikakumbuka mazishi ya baba yangu.

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema na kufanya lolote, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Siku tunamzika baba, mzee mmoja wa Kinyamwezi aliruka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema amewahi nafasi. Hakutoka mpaka alipopewa soda, tena aliikataa ya kwanza kwa kuwa si baridi. Familia yake imezikana na yetu tangu babu yake alipokuwa karani wa shamba la mkonge jirani na kijiji chetu. Yeye mwenyewe anauza viatu vya mitumba Mchikichini. Nikamfuata.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani kafa?"

Nikampa simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akakaa juu ya belo la viatu, akacheka mpaka mteja akaacha kiatu alichokuwa anajaribu na kuondoka.

"Mwandiko wa babu yangu huu! Haya, na nyuma kaandika nini?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya karatasi. Mzee alikuwa anaandika utani mbele, ukweli nyuma. Kila msiba hivyohivyo. Hamkugeuza?"

Nikatikisa kichwa.

"Wazaramo!" akapiga kelele, soko zima lisikie. "Miaka sabini! Ingelia ngoma upande wa pili, mngegeuza siku ileile!"

Nilimkokota mpaka nyumbani. Shangazi alikuwa uani anachambua mchele.

"Bado hujafa tu?" mzee akamwuliza.

"Nakusubiri utangulie, mpagazi wewe."

Wanapendana sana. Lakini alipoambiwa alete daftari, uso wake ulibadilika. Akasema aliyoyasoma yanamtosha. Tukaomba, tukabishana, mwisho nikafoka, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti: "Shangazi, karatasi moja tu! Geuza!"

Akafungua pindo la kanga, akaingia ndani, akarudi na daftari. Karatasi aliigeuza mwenyewe, ila macho hayakumsaidia, akanipa nisome.

"Huo ulikuwa utani wangu. Mtani wangu amekufa kitandani kwake, kwa homa, siku ya nne. Tembo hakuwahi kuonja, na mnazi hakuweza kupanda. Nimemcheka kwa hilo maisha yake yote. Amemwulizia mara mbili binti yake aliyeko Dar es Salaam. Daftari hili apelekewe yeye."

Muuza viatu alikuwa anaangalia chini. Shangazi akarudisha vidole ndani ya mchele.

"Mara mbili?" akauliza.

"Mara mbili. Imeandikwa."

"Na mimi nimemnunia miaka yote hii."

Akalia, nami nikalia. Mtani alijitahidi akashindwa, akasingizia vumbi la mchele. Kisha Shangazi akajifuta uso, akaniagiza niandike zote mbili, mbele na nyuma, na kibuyu nisikiache. Akauliza safari ni saa ngapi. Akajitanda kanga, akatoka bila kusema anakwenda wapi, na akarudi na nazi mbili.

"Pika," akasema.

"Shangazi, hatuna mbuzi ya kukunia."

Hatukuwa nayo kweli, wala kifumbu cha kuchujia tui. Nikapanda ghorofani kuazima kwa jirani yetu, mama wa Kihindi anayetujua miaka thelathini. Alinipa vyote viwili, akaniangalia kwa mshangao, akauliza leo tumepata mgeni gani.

Nikamwambia, baba yake Shangazi.