Ufunguo wa Pelagia

Sylvester ni fundi seremala hapa Isevya, na hasikii tangu akiwa na miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Tumepanga nyumba moja: yeye chumba cha mwisho karibu na banda lake la kazi, sisi cha mbele. Huu ni mwaka wa nne tunakaa ua mmoja, kwa hiyo mikono yake naielewa. Si yote, lakini ya kutosha kugombana na kupatana. Yeye akitaka kuniita hugonga ubao mara mbili. Mimi nikimtaka namrushia ganda la karanga.

Mke wake, Pelagia, ni mtu wa Kigwa, naye hasikii. Mwaka juzi alipata kazi ya kushona kwenye kiwanda cha nguo Uarabuni, mkataba wa miaka miwili. Siku anapanda treni, binti yao Julieth alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Pelagia aliniachia mimi mtoto nimlee mchana, maana baba yake anashinda na misumeno. Nilikuwa na mimba ya Recheli wangu, nikasema sawa, nitajifunzia kwake.

Sisi tunaosikia, mtu akiwa mbali unampigia, unasikia sauti yake, inatosha. Wao lazima waonane. Kuandikiana wanaandikiana kila siku, lakini Julieth hajui kusoma. Kwake yeye mama ni uso na mikono.

Na huko bwenini kwa kiwanda, intaneti yao inapitisha maandishi na picha, ila simu za kuonana wameziba. Pelagia akajaribu zile VPN za bure, programu za kupenya palipozibwa, ambazo watu wanapakua kwenye simu. Inafunguka dakika mbili, linakuja tangazo, halafu picha inaganda. Kwetu picha ikiganda, sauti bado inakuja. Kwao mkono ukiganda hewani, neno limekatika hapo hapo.

Jioni moja picha iliganda Pelagia akiwa ameinua mkono mmoja. Julieth alingoja kidogo, kisha akaibusu simu na kunirudishia. Ndivyo anavyoifanyia ile picha ya mama yake iliyopo ukutani: anaibusu, anaenda kucheza. Sylvester alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Umeona?" akaniuliza kwa mikono.

Nikajifanya ninafunga kanga.

"Amekuwa picha," akasema. "Akirudi, mtoto atamkimbia."

Kuanzia hapo akaanza mambo ya seva. Alinichorea kwenye ubao kwa penseli yake ya kazi: hapa simu ya Pelagia, hapa ukuta wa bweni, na huku mbali kompyuta ya kukodi, inayokaa macho saa zote, ndiyo seva. Simu ya Pelagia inaongea na seva kwa njia yao wenyewe iliyofungwa kwa ufunguo, na seva ndiyo inayomfikisha kwetu. Bweni linaona tu kwamba anaongea na kompyuta fulani. VPN ileile, ila hii ni yako, hakuna matangazo wala msongamano wa watu usiowajua.

Kompyuta ya kukodi inalipiwa kwa kadi ya benki, na mwenye kadi ya kulipa nje ni Akbar, wa duka la vifaa vya ujenzi mjini. Sylvester ananunua kwake misumari na bawaba tangu akiwa kijana. Wanaongea kwa kuandikiana nyuma ya maboksi. Nilipokwenda naye, Akbar aliniambia, "Mama Recheli, jirani yako huyu ataniua. Ameniandikia hapa nimkodie kompyuta Ulaya! Nimemjibu, bawaba zangu zenyewe zimekwama Dar, wewe unataka vya Ulaya?" Lakini kadi alikuwa ameshaitoa mfukoni. Alimkumbusha pia ajaze fomu ya mamlaka ya mawasiliano, ile ya watu wanaotumia VPN. Penye sababu, Sylvester aliandika: Kuongea na mke wangu na mtoto.

Kazi yenyewe haihitaji uwe umesoma sana kompyuta. Kuna watu wamekwisha kuyaandika maagizo yote katika faili moja, wanaliita skripti. Unaliita kwa mstari mmoja, linaweka programu lenyewe, linatengeneza funguo lenyewe, linakuuliza maswali machache, basi. Akbar alitaka imalizike siku hiyohiyo. "Bonyeza, fundi! Si linajiendesha?"

Sylvester alikataa. Alilichapisha lile faili lote kwenye karatasi, akalisoma siku nne, mstari kwa mstari, miwani puani, kama anayekagua ubao wenye vifundo. Asipoelewa anazungushia duara, anawauliza viziwi wenzake kwenye grupu lao la WhatsApp. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Jina la mke wangu linaingia humu. Nataka kujua linapitishwa wapi."

Jumamosi saa kumi jioni tukaenda dukani, mimi na Recheli mgongoni, Julieth nikimshika mkono. Sylvester akaketi kwenye kompyuta ya Akbar. Ule mstari mmoja alikuwa ameuandika kwenye kipande cha ubao, akausimamisha pembeni, akawa anaunakili herufi moja moja.

"Asinijazie vumbi la mbao kwenye kibodi," Akbar akaniambia. "Mwambie."

Nikamwambia. Sylvester akapuliza mikono yake juu ya kompyuta makusudi. Akbar akacheka mpaka akashika kaunta.

Kisha maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, mengi, ya haraka. Maswali yalipokuja, mengine alibonyeza tu kukubali. Moja lilitaka jina la mtumiaji wa kwanza. Kile kidole gumba chake kilichobabatwa na nyundo, nilikiona kinatafuta herufi polepole: PELAGIA. Haikufika hata muda wa ugali kuiva. Likatoka faili dogo, ufunguo wa Pelagia.

Kamera ya simu ya Sylvester ilikufa zamani kwa vumbi, simu za kuonana zote zinapigwa kwa simu yangu. Kwa hiyo na lile faili nililituma mimi.

Jioni ile Pelagia alitokea, akakaa dakika arobaini. Mikono yake ilipita bila kukwama hata mara moja. Sylvester alikuwa anaongea haraka hivi kwamba mimi nikapotea kabisa, nikaenda kupepeta mchele. Na ikawa hivyo wiki mbili. Julieth akaanza kumletea mama yake vitu kwenye simu avione: kiatu, kijiko, mguu wa Recheli.

Halafu akaja Dafrosa, jirani yangu anayeuza vocha. Alikuwa anatafuta picha za harusi kwenye simu yangu, akaliona lile faili.

"Mama Recheli! Una VPN umenyamaza? Hii si ndiyo intaneti ya bure?"

"Sijui. Ni ya Pelagia."

"Ya Pelagia wakati iko kwako? Lete hapa. Wewe unaungua na bando kila siku, na mali umeikalia."

Akaiweka kwenye simu yangu, akajitumia na yeye. Sikuona ubaya. Kwetu hapa uani mtu akichota maji, ndoo haiulizwi ni ya nani. Chumvi, jiko, mwamvuli, vyote vinazunguka. Nikafikiri na ufunguo ni hivyo, wakitumia wawili au watatu haupungui.

Jioni ileile Pelagia akaanza kuganda. Kesho yake vilevile. Sylvester akaizima seva akaiwasha. Akamwambia Pelagia asogee dirishani. Akazitoa zile karatasi, akaanza kusoma upya tangu mwanzo, akiamini amekosea yeye. Alikonda, kweli. Milango ya watu ikawa imeegemea banda bila kupigwa msasa. Siku ya nne Julieth akaibusu tena simu, akanirudishia. Niliumia, lakini sikuunganisha mambo. Na simu ilikuwa mikononi mwangu.

Ilikuwa Alhamisi, naponda karanga za mboga. Sylvester alikuwa ameazima kompyuta ya Akbar, yuko nayo bandani. Ghafla akatoka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda mpaka getini. Akachungulia barabarani, huku na huku. Akarudi akachukua fagio, akafagia maranda yote mlangoni kwake, kisha akaingia ndani, akatoka amevaa shati lake la bluu la kanisani.

Nikamuuliza, "Una mgeni?"

Akanishika mkono mpaka kwenye kompyuta. Akanionyesha kwa kidole. Seva inaweka kumbukumbu ya kila ufunguo: umeongea lini mara ya mwisho, na kutokea wapi. Penye jina PELAGIA paliandikwa kwamba umeongea sasa hivi, na anwani ilikuwa ya mtandao wa simu wa Tanzania.

"Pelagia yuko Tanzania," akasema. "Hakuniambia. Labda yuko kwenye treni. Ndiyo maana picha zinaganda, yuko njiani."

Sijawahi kumwona mtu anafurahi hivyo. Nikaitoa simu yangu mfukoni nimpigie Pelagia, nami nione. Juu pembeni, karibu na alama ya betri, kulikuwa na kialama kidogo cha ufunguo. Kilikuwepo tangu siku ile ya Dafrosa. Nilikuwa nakiona kila siku.

Ningeweza kuizima ile VPN kimya kimya. Niseme ukweli, nilifikiria. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na watu wasiosikia huwezi kuwaficha uso. Mikono yangu ilikuwa imejaa karanga. Nikajipiga kifuani.

"Ni mimi. Si Pelagia. Mimi, na Dafrosa. Tulichukua ufunguo wake."

Akaitazama simu, akaitazama kompyuta. Nikaizima VPN mbele yake, nikamrushia mtoto wa jirani sauti amwite Dafrosa, naye akaja akazima yake. Baada ya kitambo anwani ya Tanzania ikaondoka penye jina la Pelagia, ikaja ya Uarabuni.

Sylvester akafungua vifungo vya lile shati, kimoja kimoja, akalikunja vizuri. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Angenigombeza ningejitetea.

"Kwani yeye amekasirika?" Dafrosa akaninong'oneza, kama vile angesikia. "Mwambie tulijua ni bure."

Nikamwambia.

Sylvester akachukua ubao, akachora simu tatu na ufunguo mmoja katikati. Seva, akatuonyesha, inamjibu yule aliyeongea mwisho. Mimi nikifungua, maneno ya Pelagia yanakuja kwangu, Dafrosa akifungua yanakwenda kwake, na Pelagia anabaki na mkono juu. Na si intaneti ya bure, bando linaliwa vilevile. Kisha akaufuta ufunguo wa zamani, akaliita tena lile skripti. Safari hii lilimwuliza tu anataka kuongeza mtumiaji, au kuondoa. Akatengeneza mpya wa Pelagia. Akanigeukia.

"Nikutengenezee na wako? Kila mtu na wake, haudhuru kitu."

"Sitaki," nikasema.

"Tuma basi huu. Halafu ufute."

Nikatuma. Nikafuta mbele yake, na Dafrosa akafuta ule wake wa zamani bila kuambiwa.

Saa kumi na mbili Pelagia akatokea, na kitambaa cha kazi kichwani. Picha ilitulia. Sylvester hakumsimulia habari ya shati. Alimwambia tu kulikuwa na hitilafu, imekwisha. Julieth alikuwa amekaa na Recheli kwenye mkeka mbele ya simu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama, akamvuta mwenzie nywele, Recheli akalia.

Pelagia akaona. "Wewe! Mwache mtoto."

Julieth akamjibu kwa kidole kimoja: "Wangu."

"Si wako. Mwombe radhi."

"Sitaki."

"Julieth. Nitazame."

Julieth akaziba macho kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, mashavu yakavimba. Kwao huko ndiko kuziba masikio. Sylvester akanyoosha mkono amwondolee viganja, Pelagia akamzuia: mwache. Akakunja mikono yake kifuani, akangoja kule aliko.

Tukangoja wote. Recheli akaacha kulia. Julieth akatanua vidole viwili, jicho likatokea katikati, likamkuta mama yake bado anamtazama, amekunja uso. Akaziba tena haraka.