Kiti cha Pili

Harufu ya mpira wa tairi unaokatwa kwa kisu hunirudisha Tabora hata nikiwa sitaki. Inatosha nipite mahali mtu anaposhona katambuga, vile viatu vya matairi wanavyovaa wachungaji wetu, na mara nipo Chemchem, kwenye gereji ya Fundi Maganga. Kiangazi kinaelekea mwisho, vumbi limelala juu ya kila kitu, nami nimekaa nyuma ya usukani wa gari la baba, miguu yangu inaning'inia. Mama hayupo. Amerudi kwao Choma, huko Igunga, na baba ameniambia kwamba gari likipona ataenda kumchukua. Kiangazi kile chote niliombea gari lile kama watoto wengine wanavyowaombea bibi zao wagonjwa.

Lilikuwa gari la michezo, la zamani, jekundu, fupi, tumbo lake karibu na ardhi kama la kenge. Baba alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mji, akaliingiza uani kwetu Ipuli huku akicheka peke yake. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu. Mama alilizunguka, akachungulia ndani, akasema, “Nyumba ina watu watatu, gari lina viti viwili. Haya mwalimu, toa.” Baba alidhani ni utani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mama kilikuwa kimejaa kwa mambo ambayo mimi kwa utoto wangu sikuyaona. Gari lilikuja juu yake tu. Katika gari lile alipanda mara moja, kwenda kanisani, mimi nikiwa nimetangulia kwa miguu na watoto wa jirani. Baada ya hapo alifunga nguo zake, akanibusu, akaniambia nisome kwa bidii, akaenda kupanda basi.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini baba alijaribu. Alinishonea kifungo cha sare mahali pasipo pake. Alipika uji wenye madonge, akanisifu kwa kuumaliza. Tulikula ugali tukitazamana, na nyumba ambayo zamani niliiona ndogo ikawa kubwa kupita kiasi. Nilikuwa mpweke, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa maana mtu pekee niliyemwambia mambo yangu ndiye aliyekuwa ameondoka. Jioni nilikuwa nikiingia ndani ya gari na kukaa kwenye kiti cha pili, kile cha mama, nikitafuta harufu ya mafuta yake ya nazi katika kitambaa. Siku nyingine niliipata, siku nyingine nilijidanganya kuwa nimeipata.

Ugonjwa wa gari ulikuwa usukani mzito. Baba mwenyewe alilikunja kwa mabega, jasho likimtoka, na kila lilipoanza kuondoka kitu kiligonga chini ya boneti, du, kisha kioo cha kutazamia nyuma kikatetemeka. Fundi Maganga, mtu mnene mwenye maneno mengi kuliko spana, aliamua kwamba kipimo kiwe mikono yangu. “Mtoto huyu akiweza kuuzungusha, na mama yake ataweza,” alisema. Basi Jumamosi zangu zikawa hizo. Alijaza upepo kwenye matairi ya mbele, akaniuliza, “Vipi, mwanangu?” Nikajibu, “Bado mzito,” kisha nikakumbuka sijamsalimu, “shikamoo.” Akacheka, akasema shikamoo ya saa hizi ni ya kuombea radhi. Aliangalia mafuta ya usukani, yalikuwa yamejaa. Alikaza mkanda wa pampu, usukani ukabaki vilevile. Aliliinua gari mbele kwa jeki mpaka matairi yakaelea hewani, na bado usukani ulinishinda. Hapo alielewa kwamba matairi hayana kosa.

Siku iliyofuata alimwambia baba awashe gari, akanyage breki, aweke gia, kisha aachie klachi kidogo kidogo. Injini nzima ilinyanyuka upande mmoja, ikaanguka, du. “Mauntingi zimekufa,” alisema Fundi Maganga, akatuonyesha vile vipande vya chuma na mpira vinavyoikalisha injini mahali pake. Mpira ulikuwa umepasuka na kulala kama mkate ulioloa. Aliweka ubao juu ya jeki, akaiinua injini taratibu ili aone vizuri. Baba alikuwa ameshuka, nami nimerudi kwenye usukani, nikauvuta kwa nguvu zilezile za siku zote, na ukazunguka wote mpaka nikaangukia mlango. “Umekuwa mwepesi!” nilipiga kelele. Akaishusha injini, ukawa mzito. Akaiinua, ukawa mwepesi. Injini ilikuwa imeshuka ikaulalia mhimili wa usukani, na sisi tulikuwa tukihangaika na matairi. Baba aliniinua juu, akanizungusha, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama aondoke. Mauntingi za gari lile hazikupatikana mjini, kwa hiyo Fundi Maganga alikata mpira wa tairi la lori, ule wa katambuga, akautoboa, akaufunga kwa bolti. Gari lilitetemeka kuliko kwanza, lakini usukani niliuzungusha kwa mkono mmoja.

Alfajiri ya safari baba alivaa suti yake ya Pasaka. Niliuliza kama nami naenda. Alikigusa kile kiti cha pili, akasema kwa upole, “Hapa ni pa mama yako.” Nikabaki kwa jirani, nikashinda nimekaa kizingitini. Sisi ni wajukuu wa wapagazi wa misafara, watu waliojua kwamba safari haiendwi na mtu mmoja, na kwetu mume hajisemei mwenyewe ukweni. Huenda na mzee wa kumsemea. Baba alikwenda peke yake, ili kiti kibaki kitupu. Wakwe walimpa maji, wakampa kuku, kisha wakamuuliza msemaji wake yuko wapi. Alirudi na kile kiti kikiwa kitupu vilevile. Alipanga kwenda tena na kaka yake, lakini kaka yake alikuwa katika tumbaku, mvua zikaja, na neno likapoa. Penye wengi hapaharibiki neno. Pale walikuwa wengi wa upande mmoja tu.

Siku hizi naendesha gari la viti vitano, lenye usukani unaozunguka kwa kidole, na mara nyingi viti vinne ni vitupu. Baba ni marehemu. Gari jekundu liko Ipuli, kuku wanataga humo. Mwaka jana nilikuwa nikimpeleka mama hospitali Nzega, na njiani nikamuuliza jambo nililolibeba tangu utoto, kwa nini hakurudi siku ile.

“Nilisikia mlio wa gari nikatoka mbio,” alisema. “Nikachungulia ndani, nikitegemea nitakuona wewe. Nikaona kiti kitupu. Nikajua hajajifunza lolote.”

“Kiti alikuwekea wewe, mama. Ningekaa wapi mimi?”

Alinigeukia kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.

“Si ningekupakata,” alisema.