Raundi ya Pili, Kama Norway

Watu walinicheka sana nilipowaambia ninachosomea pale chuoni Westville: uchaguzi wa bunge la Norway wa mwaka 1909, wa kwanza ambao wanawake wa huko walishiriki.

"Norway?" aliniuliza mwenyekiti wa ushirika wetu wa kanisa, Mkenya mwenzangu. "Kwani chaguzi za kwetu zimeisha?"

Ushirika wetu, wa sisi tuliohamia huku kutoka nchi mbalimbali, hukutana Pinetown, mji jirani na chuo, na yeye alikuwa amekikalia kile kiti miaka mingi kwa sababu ya desturi moja: kila nyumba kura moja, na kura ni ya baba. Safari hii rafiki yangu, mama wa Kikongo mwenye saluni, alikitaka. Ndiye aliyetuuguzia wagonjwa na kupokea wageni wetu, bila cheo chochote. Nami nilitamani akipate kuliko yeye mwenyewe.

Siku ya uchaguzi nikasimama. Nikawaeleza kwamba hata Norway ile ya zamani, mume akilipa kodi ya kutosha, mkewe naye alipiga kura. Na asipopatikana wa kuzidi nusu, walirudia, safari hiyo mwenye kura nyingi akashinda. Mchungaji akasema tujaribu.

"Sawa tu," mwenyekiti akacheka. "Wake zetu watasimama tuliposimama."

Nilichukia kicheko kile!

Sisi huchagua kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Foleni zilikuwa tatu, maana fundi simu mmoja Mtanzania naye aligombea. Hakuna aliyefika nusu. Tukarudia: fundi akajitoa, watu wake wakagawanyika, na foleni mbili zilizobaki zikalingana. Mchungaji akahesabu tena, zikalingana vilevile.

"Eish, sasa iko namna gani?" rafiki yangu akaninong'oneza.

Kabla sijamjibu, mke wa mwenyekiti akatoka kwenye foleni ya mumewe. Alikuwa amemshikia mumewe koti. Akamkabidhi taratibu.

"Baba watoto," akasema, na ukumbi mzima ulimsikia, "nilipolazwa hospitalini, huyu mama alikuja kila siku na uji. Wewe ulikuwa kwenye mikutano ya ushirika."

Akavuka, akasimama nyuma ya rafiki yangu. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Mwenyekiti alibaki amekumbatia koti lake, na mkewe hakugeuka kumtazama.