Wifi Imezeeka

Mke wa mwanangu tunamwita Sauti. Jina alilopewa na wazazi wake analo, tena zuri, ila hapa nyumbani halitumiki, maana kazi yake yeye ni sauti. Anakaa chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunaanikia nguo wakati wa mvua, anavaa vile vidude vya masikioni, anafungua kompyuta ya kampuni, na watu ambao friji zao zimeharibika wanampigia kutoka kila pembe. Hakuna anayepiga kusema friji yangu nzima, asanteni. Wote wanapiga wamenuna, nyama imeoza, maziwa yamechacha, na anayetukanwa ni Sauti, utadhani yeye ndiye anayewanyatia kwao na kuchomoa waya ukutani. Naye anawajibu polepole, "Pole sana baba, nakuelewa." Mimi kazi hiyo ningefukuzwa kabla kiti hakijapata joto.

Zamani alikuwa anaifanyia mjini, ghorofani. Kampuni ikaona ghorofa ni gharama, ikawarudisha majumbani kila mtu na kompyuta yake kwapani. Tangu hapo ugali wa Sauti ukawa unategemea kidude cha wifi kilichokaa sebuleni juu ya kabati.

Kidude chenyewe ni cheusi, kina pembe mbili, moja imevunjika ikafungwa utepe. Kilikuwa na joto mpaka mjusi wa ukutani akahamia juu yake na mkewe. Niliwaona kwa macho yangu haya, dume limelala chali, limekunja nne. Na hiyo intaneti, ikifika chumba cha nyuma inakuwa imechoka kama mtu aliyekuja kwa miguu kutoka nchi jirani. Mteja anasema, "Dada, friji yangu ina..." Kimya. Mpaka leo hatujui ina nini.

Asubuhi moja msimamizi wake akampigia kwenye simu ya mkononi. Mimi nilikuwa karibu namenya vitunguu, na simu ile inapayuka hata ukiwa jikoni unasikia. "Simu za wateja zikiendelea kukatika tunakutoa kwenye zamu. Kompyuta tutakuja kuichukua." Sauti akasema sawa, bosi. Akaiweka simu chini, akaninyang'anya kisu, akakata vile vitunguu mpaka vikawa uji. Tukalia wote wawili, kila mmoja akasingizia vitunguu.

Jioni mwanangu akarudi. Huyu ni mtunza stoo kwenye duka la vipuri vya magari, na akifika nyumbani stoo haimtoki mwilini. Kopo la sukari lina karatasi, SUKARI. Nyundo nayo ina karatasi, NYUNDO, kana kwamba kuna mtu ataikoroga nayo chai. Mimi nikikaa kitini muda mrefu huwa najipapasa mgongoni, asije akawa amenibandika.

Hajavua hata viatu, Sauti akamwanza.

"Mume wangu, hii wifi tuibadilishe. Imezeeka."

"Taa zote si zinawaka?"

"Zinawaka. Iko pale inajaza nafasi tu."

"Kwani imekukosea nini? Mimi hapa naangalia mpira haukwami hata kidogo."

"Mimi inanitesa. Nimechoka nayo. Tuitoe tulete nyingine, changa, yenye nguvu."

"Kitu hakitoki stoo mpaka kife."

"Basi nitatangulia mimi kufa. Andaa karatasi yangu."

Sasa dirisha lilikuwa wazi. Na ng'ambo ya ukuta, nyumba pua na mdomo na yetu, anaishi kitindamimba wangu, dada yake huyu wa stoo. Kwa Sauti huyo ni nani? Ni wifi. Alikuwa nje anaanua nguo. Mlango ukafunguka bila hodi, akaingia na shuka begani na kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa.

"Nani kazeeka?"

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Nimesikia yote. Wifi imezeeka. Imezeeka, jamani, hata 'amezeeka' nimenyimwa, nimekuwa kiti. Itolewe, iletwe changa. Na wewe kaka, mtoto wa mama yangu, unasema wasubiri nife."

Hapo ningeweza kumwonyesha tu kile kidude juu ya kabati, mambo yakaisha. Sikumwonyesha. Nilisogeza kiti.

Mwanangu akaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichoharibu. Sauti akajaribu kutuliza. "Pole sana wifi, nakuelewa. Nilikuwa naongelea mashine."

"Usiniongeleshe kama friji. Mashine ndiyo mimi? Mimi hapa ni kwetu. Hata simu yangu inajua. Nikikanyaga tu kizingiti inajiunga yenyewe na intaneti, inaandika Nyumbani. Yako inaandika nini?"

Lilikuwa neno la ugomvi tu, la kumchoma mwenzake. Lakini Sauti akatoa simu mfukoni, akaangalia. Akakimbilia chumba cha nyuma akarudi na kompyuta, akaifungua, akaangalia na yenyewe.

"Wageni," akasema.

Akamgeukia mumewe. "Si uliniambia hilo ndilo jina la mashine? Nikadhani imekuja nalo kutoka dukani."

Mwanangu akaanza kuvua viatu. Mtu mzima akiulizwa swali akaanza kuvua viatu, jua ameshikwa pabaya.

"Siku naifunga niliigawa mafungu mawili," akasema. "Kama stoo. Nyumbani ni sisi. Wageni ni watu wa kupita, hao wanapimiwa kidogo kidogo wasije wakatumalizia. Wewe wakati huo ndiyo kwanza umekuja."

"Nilikuja kufanya nini?"

"Nilikuoa."

"Na hukunihamisha."

"Nilisahau."

Nimesikia ngurumo nyingi. Nimesikia mlima ukikohoa. Lakini sauti iliyotoka pale haikuwa ile ya wateja. Glasi kabatini zilisogeana zikashikana mikono, na mjusi akamwamsha mkewe wakahama siku ileile.

"Nimezaa humu. Napika humu. Mama yako mgongo ukimkamata anamwita nani, wewe na karatasi zako? Natukanwa na watu wazima kwa sababu ya nyama yao, bosi anataka kuninyang'anya kazi, nakuja hapa nakuomba kama ombaomba tubadilishe mashine, kumbe aliyenikaba shingo ni mume wangu, amekaa kwenye kochi anaangalia mpira."

Kitindamimba akateremsha shuka begani. "Wifi, mimi sikujua huko kwa wageni ni kidogo."

"Wewe kila jioni unakuja kushusha nini kwenye simu?"

"Tamthilia."

"Fupi?"

"Ndefu."

Hata mimi damu ilinichemka. Mwanangu nimemzaa mwenyewe, najua hana ubaya. Lakini mtu asiye na ubaya akiwa na karatasi na gundi anaweza kukumalizia maisha yako, halafu akakuuliza kwa nini unapiga kelele.

Akaona maji yamefika shingoni. "Basi yaishe. Kesho nanunua mpya, ile ya pembe nne. Ulisema unataka mpya."

"Hainunuliwi."

"Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Nilitaka kabla sijajua. Ulete mpya unipange tena rafu ya chini? Hiyo mashine isingiziwe nini, imefanya ulivyoiambia. Hilo fungu la Wageni lifute. Sasa hivi, nikiona."

"Na wageni wakija?"

Nikajibu mimi. "Watakunywa maji."

Akafuta, akaingiza simu na kompyuta ya mkewe kwenye Nyumbani. Alibonyeza huku jasho linamtiririka, mkewe amesimama nyuma yake kama askari magereza, dada yake anamshikia miwani.

Kesho yake simu hazikukatika. Mzee mmoja alieleza habari za friji yake tangu ilivyonunuliwa, na ilivyosafirishwa, na shemeji yake alivyoidondosha, mpaka Sauti akajuta kwamba inasikika vizuri. Msimamizi hajapiga tena, na kompyuta iko mahali pake.

Ila kwa mumewe hakufungua mdomo. Chakula anampakulia, neno hampi. Mwanangu akavumilia, akavumilia, mwisho akanifuata uani, mkubwa mzima, tumbo mbele.

"Mama, nifanye nini?"

"Mkaribishe."

"Nimkaribishe? Mama, huyu amekaa hapa miaka yote hii."

"Amekaa. Nani alimkaribisha?"

Akakuna kichwa. Akaenda hadi chumba cha nyuma, akasukuma mlango taratibu, akasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mke wangu," akasema. "Karibu nyumbani."

Sauti akafunika kile kipaza sauti kwa kiganja.

"Funga mlango," akamwambia. "Niko na mteja."