Mluzi wa Kwenda Majini

Mjomba wangu alichunga ng'ombe kwenye milima ya Kivu kabla ya vita kutuleta Durban, ambako sote wawili tulifanya kazi kwenye lori moja la kampuni ya mtaa wa Clairwood. Jumamosi moja tulipeleka chakula cha mifugo kwenye kijiji kidogo cha wafugaji, mbali huko bara: duka moja, kanisa moja, na nyasi hadi macho yachoke. Tulikuta watu wamejaa kwenye uzio, wakitazama vijana wanavyoshindana kukaa juu ya fahali anayeruka. Walikuwa wanacheka. Mimi nilitaka tuondoke. Kwetu fahali huimbiwa sifa, hapandwi kama baiskeli.

Fahali mweusi alipoanza kutoa povu, mjomba alipiga mluzi mrefu, ule wa kwetu wa kuwaita ng'ombe kwenye maji. Fahali akasimama kabisa, masikio ameyaelekeza kwetu.

"Iko na woga tu," mjomba aliniambia, macho yakimng'aa.

Mwenye fahali hakutugombeza. Alisema fahali asiyeruka ni nyama, na kwa kuwa lori letu linarudi tupu, tumshushe machinjioni njiani. Bosi wetu akakubali kwa simu. Nilimchukia yule mtu kwa upole wake.

Fahali alikataa kupanda lori. Vijana walimpiga fimbo, wakamsokota mkia, hadi damu ikatoka. Mwishowe mwenye fahali akamwomba mjomba apige tena ule mluzi wake.

Mjomba alizitazama zile fimbo, akapiga mluzi. Fahali akapanda mwenyewe, taratibu, kama anayekwenda kunywa.